Muulize Bwana Samaki: Kamongo kwenye udongo mkavu

SWALI: Shikamoo Bwana Samaki. Tunafyatua matofali kwenye bonde la mpunga nje kidogo ya Magu. Juzi jembe lilipasua bonge la udongo mkavu, ndani tukamkuta kamongo amejikunja, amefunikwa na kitu kama gamba la kahawia, na yuko hai! Wenzangu walitimua mbio. Babu mmoja akasema ni jini, tumfukie. Mimi nilijaza ndoo maji hadi juu, nikamtia, nikabana mfuniko. Asubuhi amekufa. Aliishije bila maji, halafu afe ndani ya maji? Na analiwa? — Msomaji, Magu

JIBU: Marahaba. Jini hafii kwenye ndoo, kwa hiyo hilo tuliweke kando. Mwanangu, naona kamongo wako ulimzamisha.

Najua unacheka, lakini ndivyo ilivyo. Kamongo ana mapafu, tena mawili. Matamvua yake, yale ya shavuni, ni madogo na hayamtoshi. Akishakuwa mkubwa ni lazima apande juu kila baada ya muda kuvuta hewa. Waulize wavuvi: kamongo akinasa usiku kwenye nyavu za kutega akashindwa kupanda, asubuhi anatolewa mfu. Wewe ulimtia kwenye maji yasiyo na nafasi ya kutoa pua, ukafunika.

Sasa tuje kwenye udongo. Maji ya bondeni yakianza kukauka, sato na wenzake hubaki wakitapatapa. Kamongo huchimba, tena kwa mdomo: anauma tope, analisukuma nje kupitia matamvua, anazidi kushuka. Akifika chini anapanua kijichumba, anageuka kichwa kiwe juu, anaukunja mkia mpaka unafunika uso. Ngozi yake hutoa ute mwingi, na ute huo ukikauka ndio hilo gamba uliloliona. Limembana mwili mzima isipokuwa kitundu kimoja mdomoni, cha kupitishia hewa inayoshuka kutoka juu.

Humo ndani hali, hanywi. Moyo unapiga polepole mno, na mwili unajila wenyewe, hasa nyama ya misuli. Kwangu mimi hilo si la ajabu sana. La ajabu ni uchafu wa mwili. Samaki wengi hutoa amonia, ambayo ni sumu, na maji yanaisomba. Ndani ya gamba hakuna maji ya kusomba kitu. Basi kamongo huibadilisha kuwa urea, isiyo kali kama amonia, akairundika mwilini mpaka mvua irudi. Ndilo lililomvuta Homer Smith, Mmarekani bingwa wa mambo ya figo, kufunga safari mwaka 1928 kuja Afrika kumchunguza. Kwa kawaida usingizi huo ni wa kiangazi kimoja, lakini maabara imeonyesha anaweza kukaa zaidi ya miaka mitatu.

Usidhani kila kamongo hufanya hivyo. Wale wa ziwani penyewe, kule Ukerewe au Musoma, maji hayawaishii, na wengi wanazeeka bila kujifukia hata msimu mmoja. Wanaolala ni hawa wa mabondeni na majarubani.

Kuhusu kula: analiwa, na ana wapenzi wake wengi ukanda wote wa ziwa. Kwa Waganda wa ukoo wa Mmamba ni mwiko, kwani ndiye alama ya ukoo wao. Ila huyo wa kwenye udongo amekonda, ameshakula misuli yake mwenyewe. Mngoje anone. Na ukimvua, vidole mbali na mdomo! Meno yake ni mabamba ya kusagia konokono, na hashiki kitu akaachia upesi.

Mkimpata mwingine, msivunje gamba wala msimwachie babu amfukie, maana kitundu cha hewa kitaziba. Mtoeni na bonge lake zima. Mkitaka kumwamsha, mlazeni kwenye beseni pana, maji yafike mgongoni tu, muache yaloweshe udongo taratibu. Juu funikeni kwa wavu na muuwekee mawe pembeni, maana akipata nguvu hatakaa humo.