Usisubiri Mshahara Utulie Ndipo Ushukuru

Mtu aliyekaa muda mrefu bila kazi, kisha akapata, kwanza hufikiria madeni, halafu hufikiria namna ya kurudisha heshima yake mtaani. Shukrani kwa waliombeba huja mwisho, na sababu yake husikika vizuri masikioni: si adabu kumwendea mtu mikono mitupu, kwa hiyo acha mshahara wa miezi miwili mitatu utulie, ninunue doti ya khanga au mfuko wa mchele, ndipo niende. Naiheshimu adabu hiyo, kwa kuwa ndiyo tuliyolelewa nayo huku Kusini, lakini kwa niliyoyapitia naona inatuchelewesha, na mara nyingi hutufikisha mahali ambapo khanga imenunuliwa na maneno yamesahaulika.

Nilikuwa mtunza stoo katika kampuni moja iliyokuwa ikihudumia miradi ya gesi. Wanaoijua Mtwara wanakumbuka jinsi mji ulivyochangamka wakati bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilipokuwa likijengwa, hadi likakamilika mwaka 2015. Nyumba za kupanga ziliadimika, kodi zikapanda, na kila kijana mwenye leseni ya udereva aliamini ameukata. Kazi za ujenzi zina mwisho wake, na baada yake watu wengi walipunguzwa. Zamu yangu ilichelewa kidogo, lakini ilifika, na nilikaa nyumbani, Magomeni ya hapa Mtwara, zaidi ya mwaka mmoja.

Dhiki ya kukosa kazi ina tabia moja ambayo wengi hawaisemi. Huwafanya watu wote walio karibu nawe waonekane kundi moja, kundi la watu wanaokutazama. Mke anakutazama, mwenye nyumba anakutazama, mtoto anayeomba daftari anakutazama, na wewe huoni tena nani anatoa nini, bali unahesabu macho tu. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa aliyerudi kazini ni kuchukua karatasi na kuandika jina la kila mtu, na mbele ya jina aandike kitendo kimoja anachokikumbuka kwa hakika. Asiandike "alinivumilia" wala "alinisaidia sana", kwa sababu maneno hayo yanamfaa yeyote. Aandike kitendo.

Kwa mke wangu niliandika: kijiko. Nilipokosa kazi alijiunga na akina mama wanaobangua korosho kwa mkono. Anayeijua kazi hiyo anajua kwamba ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na ingawa wabanguaji hujipaka majivu au mafuta ya kupikia, bado vidole huwa vyeusi na ngozi ya nchani hubanduka. Siku alizobangua sana hakuweza kuugusa ugali wa moto, kwa hiyo alikula kwa kijiko, akiwaambia watoto kwamba amejifunza mambo ya hotelini. Watoto nao wakadai vijiko. Kwa muda fulani nyumba nzima ikawa inakula ugali wa muhogo kwa kijiko, jambo ambalo bibi yangu angelitazama kwa mshangao mkubwa.

Nilipopata kazi, kabla ya mshahara wa kwanza, nilimwambia kwamba nakumbuka kile kijiko na sababu yake. Aliweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua, akaniambia, "Kumbe ulikuwa unaona, mume wangu." Nina hakika kwamba pesa yoyote ambayo ningempa siku hiyo isingemfikia mahali maneno hayo yalipomfikia, kwa kuwa kilichokuwa kikimuuma hakikuwa kazi yenyewe, bali wazo kwamba kazi hiyo haionwi na mtu. Baadaye nilimnunulia khanga pia, na jina lake lilikuwa zuri, lakini khanga ilikuja kama nyongeza.

Yupo pia jirani mmoja, mzee mstaafu aliyewahi kuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi kazini kwake. Huyu hakunipa hata shilingi. Alichonipa ni taarifa, na nataka niitaje hapa kwa kirefu kidogo kwa faida ya anayesoma akiwa bado yumo ndani ya dhiki. Aliniambia kwamba mfanyakazi anayeona ameachishwa isivyo haki anatakiwa kufikisha lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na kwamba madai mengine ya kikazi yana siku 60; wengi hukaa wakilalamika barazani hadi siku hizo zinapita. Alinikumbusha kwamba kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayepunguzwa kazi baada ya kufanya kazi angalau mwaka mmoja mfululizo ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Na ndiye aliyenipeleka NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, kuulizia fao la kukosa ajira, ambalo humhusu mwanachama aliyepoteza kazi bila kuacha kwa hiari yake. Aliyechangia angalau miezi 18 hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda wa miezi 6.

Fedha hizo hazikuwa nyingi, lakini zilinipunguzia haja ya kuwaomba ndugu kitu ambacho tayari kilikuwa haki yangu. Mtu wa namna hii husahaulika kirahisi sana kwenye orodha ya shukrani, kwa sababu hakutoa mfukoni mwake. Mwandike. Nilipokwenda kumshukuru nilimtajia siku 30 zilezile alizonitajia, na alifurahi kuliko nilivyotarajia, maana watu wengi humsikiliza kwa heshima tu kisha hawaendi popote.

Mwenye duka aliyeniandika kwenye daftari la mkopo sina mengi ya kusema juu yake. Nilimlipa, nikamshukuru mbele ya wateja wake, na ninaendelea kununua unga kwake ingawa mjini kuna mahali unauzwa kwa bei nafuu kidogo. Huko kuendelea kununua naona ndiko kushukuru kwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo gumu. Si kila msaada unaopokelewa wakati wa shida ni wa namna moja. Wakulima wa korosho wanaijua kangomba: mwenye fedha humfuata mkulima miezi ya njaa, kabla ya msimu, akampa fedha kidogo, kisha mavuno yanapofika anachukua korosho kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, lakini ndani ya koo zetu ipo misaada inayofanana nayo kabisa. Ndugu anakupa nauli, halafu kila kikao cha ukoo nauli ile inatajwa. Anakukopesha kodi ya miezi mitatu, na ukipata kazi anataka mwanawe akae kwako hadi amalize sekondari bila wewe kuulizwa.

Kwa msaada wa aina hii ushauri wangu ni kwamba shukuru kwa kiasi chake, kwa dhati, maana siku ile nauli ilikuwa nauli kweli; kisha rudisha fedha yote mapema, mbele ya mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote, ili hesabu ifungwe. Usijilazimishe kuhisi deni la moyo pale palipokuwa na deni la fedha tu. Na ukishalipa, usimseme. Najua hilo la mwisho ni gumu, hasa misibani, ambako ndimi zetu huwa na nafasi ya kutosha.

Kuhusu namna ya kushukuru, ninayo machache. Nenda kwa miguu yako kama inawezekana, na kama mtu yuko mbali mpigie simu uongee. Usimtumie ujumbe ule unaotumwa kwa watu wote wa kundi la familia kwa pamoja, kwa sababu mtu aliyeuza kuku wake ili wewe ule hastahili kushukuriwa sawasawa na aliyekuandikia "pole" tu. Sema kitendo, sema kilikufikia wakati gani, kisha nyamaza umwache yeye azungumze. Wengi watakuambia mambo ambayo hukuyajua. Dada yangu aliye Lindi ndipo aliponieleza kwamba zile ming'oko, mizizi inayochimbwa na kuliwa huku kwetu, alizokuwa akinitumia kwa basi alizinunua kwa fedha ya mchezo wao wa akina mama wa kuchangiana kwa zamu, na kwamba alikuwa ameomba apewe zamu yake mapema kwa ajili hiyo. Mimi nilidhani ni ming'oko za kuchimba shambani.

Usishangae pia kama wapo watakaokataa kushukuriwa. Mjomba wangu wa Newala ni mmoja wao. Kwetu Wamakonde ukoo ulikuwa ukifuatwa kwa upande wa mama, na mjomba bado ana sauti yake na mzigo wake. Yeye ndiye aliyenitumia unga wa muhogo na mbaazi mwaka mzima, na malipo ya mnada wa kwanza wa korosho yalipoingia kupitia chama chao cha msingi, alilipa michango na sare za shule za wanangu kabla hajaezeka nyumba yake mwenyewe. Nilipofika kwake na bahasha, na maneno yangu niliyoyapanga njiani, aliyasikiliza yote, akairudisha bahasha bila kuifungua.

"Hiyo kamalizie kodi," akasema. "Mimi mwezi wa sita mikorosho yangu inataka salfa, na kifua hakiniruhusu tena kubeba mashine. Ubwiriunga hausubiri mtu."

Ubwiriunga ni ugonjwa wa mikorosho, na salfa ndiyo dawa yake. Kupulizia salfa ni kazi ya alfajiri, wakati majani yana umande na upepo haujaanza, na anayeifanya hurudi amejaa vumbi la manjano hadi kwenye nyusi. Nimeomba likizo yangu ya mwaka iangukie mwezi huo. Bosi mpya aliniuliza nakwenda kupumzika wapi, nikamwambia nakwenda Newala kupulizia mikorosho ya mjomba, akacheka, akasaini fomu.