Buibui jeusi na mbung'o wa Tsavo

Sisi wa Mombasa maji ya Tsavo twayanywa tangu utotoni. Bomba la Mzima laanzia kwenye chemchemi iliyo ndani ya hifadhi ya wanyama ya Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Lakini kwenda huko kwenyewe tumewaachia wazungu wa Diani. Mimi nilipita miaka thelathini sijaona chochote cha tembo ila zile pembe za bati pale Mapembeni.

Safari yangu ya kwanza Tsavo Mashariki ilikuwa ya kwenda na kurudi siku moja, nami nakwambia mapema: usiifanye. Tulilipia viti kwenye gari la kampuni moja ya hapa mjini, tukatoka usiku, tukarudi usiku. Redio ya dereva ilikoroma kutwa: simba yuko huku, simba yuko kule. Tulipomfikia huyo simba, tulikuta magari kumi na mawili na ncha ya mkia nyuma ya kichaka. Tembo tuliwapita njiani kama matatu ipitavyo stendi isiyo na abiria.

Mara ya pili tulijipanga wenyewe: mimi, mke wangu, watoto wawili na halati yangu, dada wa mama, gari la kukodi lililoinuka, siku mbili za kulala. Hatukubaki upande wa Voi wenye magari mengi, tulikwenda hadi mto Galana. Ile hifadhi ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000. Kaunti yetu nzima yaingia humo mara arubaini na nafasi ikabaki, kwa hivyo ukitaka kuizunguka yote utarudi na vumbi tu. Chagua pembe moja.

Galana ni Athi na Tsavo zilizokutana, na ukiteremka pwani ndio Sabaki, ule ule unaoitia bahari ya Malindi matope. Hukauki. Ndiyo maana nasema nenda kiangazi, kati ya mwisho wa Juni na Oktoba, au Januari na Februari. Madimbwi ya bara yakishakauka, mnyama hana pa kwenda ila mtoni. Wakati wa masika maji yako kila mahali, nyasi ni ndefu, njia ni tope, nawe utahesabu vichaka.

Sasa lile nililojifunza kwa gharama. Siku ya pili asubuhi tuliegesha gari kwenye kivuli karibu na mto, pua ikielekea njia ya kutokea, tukazima injini. Nusu saa ya kwanza watoto walinung'unika. Kisha ng'ambo wakaja tembo, wekundu kama udongo wa Taru, kwa sababu hujimwagia vumbi la huko baada ya kuoga. Waliingia majini na kitoto kimoja kikiburutwa na mkondo, mama akikizuia kwa mguu. Halati aliacha tasbihi yake katikati. Baadaye swala twiga akasimama kwa miguu miwili ya nyuma, akala majani ya juu kama mtu anayechuma ndimu. Tulikaa hadi saa nne. Hatukufuata chochote, vyote vilikuja. Tembo mmoja alitutanulia masikio na kutikisa kichwa. Hapo usipige honi wala usimpigie kelele. Washa gari, rudi nyuma polepole, mpe njia yake.

Simba naye tulimwona jioni, bila redio. Mwanangu akasema ni jike kwa kuwa hana manyoya shingoni, nami nikamkubalia kama baba mjuzi. Renja tuliyekutana naye akacheka: madume wengi wa Tsavo hawana shungi, au wanalo dogo tu. Wale wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 nao walikuwa vivyo hivyo.

Halati alikwenda amevaa buibui lake jeusi kama kawaida. Karibu na mto wakaingia mbung'o, wakatuacha sote, wakamvaa yeye. "Hawa wadudu wana nini na mimi?" Rangi, halati. Mbung'o hupenda nyeusi na buluu iliyoiva, hata mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kumpiga kofi ni kazi bure, aruka na kurudi, na huuma juu ya nguo. Vaa rangi ya mchanga, ukipita penye vichaka vya mtoni funga vioo, hata joto likiwa vipi.

Langoni hawapokei pesa taslimu. Lipa kwenye eCitizen, tovuti ya serikali, ungali nyumbani penye mtandao, na kila mtu mzima abebe kitambulisho, la sivyo utatozwa kama mgeni. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020. Katoni zetu mbili za maji ziliishia hapo hapo, kwa hivyo chukua madumu. Nyani nao wana adabu zao: mmoja alitia mkono dirishani akatoka na mfuko wa mahamri. Mbaazi alituachia.

Ndani, simu ikikata usiogope. Kwenye njia panda kuna nguzo za mawe zenye namba, zifuate kwa ramani ya karatasi. Mwendo ni kilomita 40 kwa saa, usishuke garini ila penye kibali, na beba spea nzima. Sisi tulipata pancha mchangani, jeki ikazama. Tuliokolewa na mbuzi ya nazi ya halati, aliyoileta akisema wali wa huko hautalika. Ubao wake tuliuweka chini ya jeki, mke wangu akilinda vichaka kwa darubini. Chukua kipande cha ubao wako, si kila familia ina halati.

Twarudi Agosti. Mbuzi imo kwenye orodha, na halati ameshashonesha dera la rangi ya mchanga.