Haidrenjia ya ndani imelegea: usiitupe, ila acha kuitunza kama maua mengine ya sebuleni

Mleta uzi umesema ulinunua haidrenjia imejaa maua, ukaiweka mezani sebuleni, unaimwagilia kila siku, na baada ya wiki mbili majani yamelegea na maua yanakauka pembeni, sasa unauliza kama ndo imekufa uitupe au kuna namna. Naona wengi hapo juu wamekujibu tupa tu, hilo ni ua la zawadi, likiisha limeisha. Mi sikubaliani nao kabisa. Nafuga haidrenjia ndani miaka kadhaa sasa, nyingine nilipewa na watu waliokuwa wanazipeleka jalalani zikiwa na hali mbaya kuliko hiyo yako, na mpaka leo zinachanua. Ila kuna mambo lazima uyajue kwanza maana bila hayo utamwagilia mpaka uchoke na bado itakufa.

Hizi za kwenye vyungu zenye mipira mikubwa ya maua karibu zote ni Hydrangea macrophylla, asili yake Japani, maeneo ya karibu na bahari yenye unyevu na hali ya hewa isiyokuwa kali. Ni kichaka kile, kikiwa nje ardhini kinafika mita moja na nusu hata mbili, matawi yake yanakuwa mti kabisa. Na kichaka hiki kina ratiba ya mwaka mzima, kuna muda wa kuotesha majani, muda wa kutunga matumba, muda wa kulala kwenye ubaridi, halafu ndo kinachanua. Mkulima wa grinihausi (nyumba ya kioo au plastiki ya kukuzia mimea) anaijua hiyo ratiba vizuri, anaacha matumba yatunge siku zinapofupika na ubaridi kuanza, anaiweka kwenye chumba cha baridi kama wiki sita hivi au zaidi kwenye nyuzi 4 mpaka 7, majani yote yanadondoka, afu anaitoa anaipa joto taratibu na mwanga mpaka inachanua ndo inakuja dukani. Mara nyingi wanaipulizia pia dawa ya kuzuia isirefuke ili ikae vizuri kwenye chungu. Kwa hiyo uliyoipata ilikuwa imeshafanya kazi ya mwaka mzima, sasa wewe ukaiweka sebuleni kwenye joto, hapo ndo inachakaa haraka.

Tuanze na maji maana ndo dharura yako. Haidrenjia ina majani mapana na inapoteza maji mengi sana kupitia majani, na chungu chake cha dukani ni kidogo, mizizi imejazana humo. Ikikauka inalala yote kwa masaa machache tu. Sasa shida ni kwamba inalegea pia ikiwa na maji mengi kupita kiasi, kwa sababu mizizi ikikosa hewa inaoza na haiwezi kunyonya tena, ukiitazama juu unaona kitu kilekile, majani yamelala, wewe unaongeza maji, unaimaliza. Kwa hiyo usiangalie majani peke yake, nyanyua chungu. Kikiwa chepesi kabisa na udongo umejitenga na ukuta wa chungu, hiyo ni kiu. Kikiwa kizito na ukiingiza kidole unakuta tope au harufu mbaya, hiyo mizizi inaoza. Yako unamwagilia kila siku, mi ningeanza kwa kuangalia hiyo karatasi ya kung'aa waliyoizungushia, wengi wanaiacha kwa sababu inapendeza, na ndani yake maji yanatuama mmea unakaa umesimama kwenye bwawa. Itoe au itoboe chini leo leo.

Kama ni kiu, kuimwagilia juu haisaidii sana, ule udongo mwepesi wa kahawia wanaotumia ukishakauka unakataa maji, yanapita pembeni yanatokea chini na katikati kunabaki kukavu, ndo maana mtu anakwambia namwagilia kila siku na hajakosea, anamwagilia kweli ila maji hayaingii. Chukua ndoo weka maji ya kawaida yasiyo baridi sana, zamisha chungu chote mpaka juu ya udongo, utaona mapovu yanatoka, iache nusu saa au mpaka mapovu yaishe, itoe ichuruzike vizuri, iweke kivulini sehemu ya ubaridi. Kama mizizi bado mizima baada ya masaa kadhaa itainuka. Maua yaliyolegea yanaweza yasirudi yote, hayo kata tu. Baada ya hapo mwagilia pale udongo wa juu unapoanza kukauka, kwa joto inaweza kuwa kila siku na kwa ubaridi ikawa siku kadhaa zinapita, hakuna ratiba ya kukupa hapo, ni kidole na uzito wa chungu. Maji yaliyobaki kwenye kisahani mwaga.

Na kama umekuta mizizi imeoza, itoe kwenye chungu, mizizi mizima ni myeupe au kahawia hafifu na migumu, iliyooza ni myeusi inateleza, kata yote hiyo, weka udongo mpya unaopitisha maji, punguza na matawi kidogo ili mizizi iliyobaki isilemewe, usiipe mbolea kabisa mpaka uone majani mapya.

Kitu kingine, mchana wa joto inaweza kulegea hata kama udongo una unyevu wa kutosha, ni kwamba majani yanapoteza maji kuliko mizizi inavyoweza kupandisha. Hapo usiongeze maji, isogeze tu kwenye kivuli, jioni itasimama yenyewe.

Joto sasa. Hapa ndo nitang'ang'ania maana watu wanahangaika na maji na mbolea wakati tatizo ni mahali walipoiweka. Haidrenjia inayochanua inapenda nyuzi 15 mpaka 18 hivi, usiku ikishuka zaidi inafurahi. Chumba cha nyuzi 25 na kuendelea maua yanazeeka haraka sana, kwenye ubaridi maua hayohayo yanakaa wiki nyingi. Iweke chumba chenye ubaridi kuliko vyote ulivyonavyo, korido, veranda yenye kivuli, chumba ambacho hakikai watu. Mbali na jiko, mbali na hita, na isikae inapulizwa moja kwa moja na feni wala kiyoyozi maana upepo ule mkavu unakausha kingo za majani. Ukiwa na wageni ilete mezani, wakiondoka irudishe, haina shida na kuhamishwa hivyo. Mwanga iwe mwingi lakini sio jua kali la mchana, jua la asubuhi ni zuri, giza la kona ya sebule halifai kabisa, itarefuka ikitafuta mwanga na mwakani hutaona ua.

Maua yakianza kugeuka kijani usidhani inaumwa, ni kuzeeka kwa kawaida. Zile unazoita petali sio petali halisi, maua yenyewe ni vile vitone vidogo katikati, kinachoonekana ni vijani vilivyobadilika rangi, ndo maana vinadumu muda mrefu na kurudi kuwa kijani.

Maua yakishaisha, pogoa HAPOHAPO, usingoje. Hii ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri kwa sababu aina nyingi za macrophylla zinatunga matumba ya mwakani kwenye matawi ya mwaka huu, kwenye ncha, kuelekea mwisho wa msimu siku zikianza kufupika na joto kushuka chini ya nyuzi 18. Ukikata wakati huo unakata maua ya mwakani yote, afu mwakani unakuja kulalamika kwamba haichanui. Mi nakata tawi lililochanua juu tu ya jozi ya macho manene yenye afya, kwa kawaida nabakiza jozi mbili tatu kutoka chini, matawi membamba dhaifu natoa kabisa. Kuna aina mpya zinazochanua kwenye matawi ya zamani na mapya pia, hizo zinasamehe, ila za zawadi huwezi jua mara nyingi ni aina gani kwa hiyo ichukulie kama haisamehi. Hapohapo badilisha chungu, kikubwa kidogo tu, kipana kwa sentimita tano hivi, usiruke kwenye ndoo kubwa, udongo mwingi usio na mizizi unashikilia maji. Udongo uwe na mboji nyingi na kitu cha kupitisha hewa kama perlaiti (vile vijiwe vyeupe vyepesi vya kuchanganya kwenye udongo). Baada ya hapo kama una sehemu nje yenye kivuli cha mchana itoe ikae huko msimu wote wa kukua, itanenepa kuliko ndani. Mbolea ya kawaida ya maji, nusu ya kipimo, kila wiki mbili wakati inakua, na uache kabla msimu wa ubaridi haujaanza. Naitrojeni ikizidi unapata majani makubwa mazuri na hakuna ua hata moja.

Sasa kulala. Bila ubaridi matumba hayafunguki vizuri, hilo halina njia ya mkato. Siku zikifupika iache nje ipate ubaridi lakini kabla barafu kali haijaipiga iingize sehemu ya nyuzi 4 mpaka 7, isipite 10, kama banda, gereji, ngazi za nje zilizofunikwa, chumba kisichowashwa hita. Wiki sita, mi huwa naongeza kidogo. Majani yataanguka yote utabaki na vijiti vyenye matumba kwenye ncha, usiogope, na kwa kuwa haina majani hata gizani ni sawa. Maji kidogo tu, udongo usikauke kabisa. Baadaye ilete kwenye mwanga na nyuzi 13 mpaka 16 hivi, ongeza maji taratibu, ikitoa majani anza mbolea, na kuanzia hapo hesabu kama miezi mitatu ndo unaona maua. Kwa wanaokaa kwenye joto mwaka mzima sitawadanganya, unaweza kuiweka hai ikawa na majani mazuri ila maua ya pili ndani ya nyumba ni magumu sana, tafuteni chumba chenye ubaridi zaidi na muwe na uvumilivu.

Kuna mdau ameuliza kuhusu rangi, eti alinunua ya bluu ikarudi ya pinki. Ni kweli inatokea. Bluu inatoka kwa alumini kuingia kwenye ua, na alumini inapatikana kwa mizizi pale udongo ukiwa na asidi, pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi) ya 5 mpaka 5.5 hivi. Ikifika 6 na kwenda juu alumini inajifunga, unapata pinki, katikati unapata zambarau. Maji ya bomba yenye chokaa yanapandisha pH kidogo kidogo bila wewe kujua, ndo maana inabadilika. Ukitaka bluu tumia maji ya mvua, mbolea yenye fosforasi ndogo, na alumini salfeti kama gramu 15 kwa lita 4 za maji, uimwagilie kwenye udongo uliokwisha loa, mara chache tu wakati inakua, kabla maua hayajafunguka. Ukizidisha inaunguza mizizi. Nyeupe hazibadiliki, msihangaike nazo. Na majani yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani, hiyo ni pH imepanda mmea unashindwa kunyonya madini ya chuma, shughulikia maji kwanza.

Wadudu ndani ni wachache, utitiri mwekundu ndo msumbufu kwenye hewa kavu, geuza majani chini uangalie vitone na utando, osha mmea wote kwa maji kisha sabuni ya kuulia wadudu. Vidukari hivyohivyo. Ubwiri unga ukiona ule unga mweupe kwenye majani, ondoa yaliyoathirika, ipe hewa, usimwagie maji majani jioni. Na wenye paka, mbwa au mtoto anayetia kila kitu mdomoni, majani na maua yana sumu, yakiliwa yanasumbua tumbo, weka juu wasipofika.

Turudi kwa yako mleta uzi. Kabla hujafanya lolote kwaruza ganda la shina kwa kucha, sehemu mbili tatu, ukikuta kijani chini yake iko hai hata kama majani yote yamekauka. Kata sehemu iliyokufa mpaka ufike kwenye kijani. Na kama kuna matawi mazima yasiyo na ua, chukua kipande kimoja cha sentimita 10 hadi 15 ukate chini ya kifundo (pale majani yanapotokea kwenye shina), toa majani ya chini, yale ya juu yapunguze nusu, chomeka kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, funika na mfuko wa plastiki usiogusa majani, weka kwenye mwanga bila jua. Wiki tatu nne kinaota mizizi, kwa hiyo hata mama yake akishindwa kuamka utakuwa na mtoto. Angalia karatasi ya chini, kwaruza shina, ukimaliza weka picha ya mizizi hapa tukuambie ni ndoo ya maji au ni udongo mpya.