Ukiitwa kufundisha timu ya dharura huku Kusini, anza na mama wa usafi

Mdogo wangu uliyepangiwa Mtwara au Lindi, karibu. Siku dharura ya mlipuko wa ugonjwa itakapotangazwa utapewa siku mbili, pengine moja, uwaandae watu thelathini au arobaini. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka, na kosa langu zito nililifanya mwanzoni kabisa.

Mvua ilikuwa imenyesha sana na tulikuwa tunajiandaa na kipindupindu. Nikafundisha siku mbili ukumbini, kwa projekta na vitini. Walioitwa ni matabibu, wauguzi, watu wa maabara na maafisa afya. Siku ya tatu nikafika kwenye zahanati moja, nikamkuta mama wa usafi anapiga deki palipotapikwa kwa maji aliyoyachota kwenye ndoo ya kunawia mikono. Nikamkemea. Akasimamisha fagio lake, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, mimi mlinifundisha lini?"

Sikuwa na la kumjibu. Maji ya kunawia yana klorini asilimia 0.05, na sakafu iliyochafuliwa inataka asilimia 0.5, yaani mara kumi. Ukiwa na unga wa klorini ya asilimia 70, maji ya sakafu ni kama gramu 7 kwa lita moja. Jambo hilo linafundishika kwa dakika kumi, kwa unga, kijiko cha kupimia na ndoo mbili zilizopigwa rangi tofauti. Yule mama hakuwahi kuonyeshwa, na yeye ndiye aliyekuwa karibu na uchafu kuliko sisi wote tuliolipwa posho.

Tangu siku hiyo orodha ya washiriki naiandika mwenyewe, na naianzia chini. Mama wa usafi. Mlinzi wa getini, maana ndiye anayempokea mgonjwa wa kwanza saa nane za usiku. Dereva wa gari la wagonjwa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Bodaboda wa kijiweni, kwa sababu huku wagonjwa wengi hufika kwa pikipiki, wamepakatwa katikati ya dereva na ndugu. Usimsahau nyakanga, mama anayesimamia unyago. Neno lake kwa wanawake lina uzito ambao bango letu halina. Mratibu akikuambia fedha hazitoshi, punguza siku na vitini, usipunguze watu hao.

Kumbuka yaliyotokea Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022. Watu waliugua homa, kichwa, uchovu, wengine wakatokwa damu puani. Vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko-19 havikuonyesha kitu, na mwezi Julai Wizara ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa unaotokana na mkojo wa wanyama walioambukizwa. Kabla ya jibu hilo, watumishi walikuwa wanahudumia ugonjwa usio na jina. Kwa hiyo usijenge mafunzo yako juu ya ugonjwa mmoja. Mfundishe mtu kutambua kisicho cha kawaida, kujikinga, na kutoa taarifa: kwa kituo cha karibu, au kwa kupiga 199 bila malipo. Kuna lengo la kimataifa linaloitwa 7-1-7: siku 7 kugundua mlipuko, siku 1 kutoa taarifa, siku 7 kukamilisha hatua za mwanzo. Zile 7 za kwanza haziko mikononi mwako. Ziko mikononi mwa mtu wa kijijini anayeona kuku wanakufa ovyo, au nyumba moja imetoa wagonjwa watatu.

Mtu huyo atasema kwa lugha gani? Jina chikungunya ni la Kimakonde. Mlipuko ulioufanya ugonjwa huo ujulikane duniani ulitokea uwanda wa Makonde mwaka 1952, na wenyeji waliuita kwa kile walichokiona: mgonjwa anajikunja kwa maumivu ya viungo. Dunia nzima leo inatumia neno lao. Basi ukifundisha Newala, Masasi au Nachingwea, waulize washiriki kwanza wanasemaje "kuhara", "kuzimia", "kutoka damu" kwa Kimakonde, Kimakua, Kiyao au Kimwera. Andika ubaoni maneno hayo, kisha uyatumie mpaka mwisho.

Wapo wasiosoma, nao usiwaaibishe kwa kuwapa karatasi ya maswali. Mtihani wangu ni wa mikono: changanya klorini mbele yangu, nionyeshe unavyovua glavu. Kuvua ndiko kwenye hatari kuliko kuvaa, hivyo kila mtu awe na mwenza anayemtazama na kumtajia hatua. Leta vifaa vya kujikinga vya saizi ndogo pia, na uulize mapema nani anavaa mtandio, nani miwani, nani ananyonyesha. Mwezi wa Ramadhani, zoezi la kuvaa vazi zima la kujikinga lifanyike asubuhi na mapema. Joto la pwani hii ndani ya nailoni halina huruma kwa aliyefunga.

Niliwahi kuwa na mshiriki kiziwi, kijana anayesoma midomo. Tulipovaa barakoa wote, tukawa tumemfungia mlango. Tulisimama nusu saa tukakubaliana ishara za mikono: simama, glavu imechanika, nisaidie, toka nje. Mchana uleule tukagundua kwamba sote tulizihitaji, kwa sababu ndani ya barakoa na ngao ya uso hakuna anayemsikia mwenzake vizuri. Ishara zile nazifundisha hadi leo kwa kila timu, awepo kiziwi au asiwepo. Palipo na mkalimani wa lugha ya alama, muombe tangu siku unayoandika bajeti.

Oktoba na Novemba, angalia kalenda ya korosho kabla ya kupanga tarehe. Watu wako mashambani na kwenye maghala ya ushirika, na ukiwaita asubuhi utafundisha viti. Wafuate hukohuko jioni.

Saa ya mwisho usiichukue wewe. Mpe mama wa usafi ndoo mbili, unga na kijiko, awafundishe matabibu. Ukae nyuma kabisa, na akikosea kipimo mwache mlinzi amsahihishe.