Bomba la hewa ukaa (kaboni dioksidi), ile inayonaswa viwandani ikafukiwe chini ya ardhi, lipite wapi? Najibu maswali yenu

Swali: Hewa ukaa inasafirishwaje, kama gesi ya kupikia?

Inakandamizwa na kompresa mpaka ipite bar 74 (bar moja ni kama presha ya hewa ya kawaida), hapo inabanana kama kimiminika, na mabomba mengi huipeleka kwa zaidi ya bar 100 ili presha ikishuka njiani isirudi kuwa gesi. Na ikaushwe kwelikweli, maana ikikutana na maji inakuwa asidi, inakula chuma kwa ndani.

Swali: Kila kiwanda kijenge lake au wachangie moja?

Wachangie jamani. Ukiongeza upana mara mbili inapita zaidi ya mara nne, na mtaro ni uleule mmoja. Norwei, mradi wa Northern Lights wa kufukia hewa ukaa chini ya bahari, bomba lao la kilometa kama 100 kutoka Øygarden kuingia baharini lina nafasi ya tani milioni 5 kwa mwaka wakati awamu ya kwanza ni milioni 1.5 tu, na mi naona walifikiria vizuri sana.

Swali: Niko Goma, hiyo si ndo mazuku yetu, ile hewa ya kuua inayotoka ardhini? Bomba likipasuka je?

Ndugu yangu, ndo yenyewe. Nzito kuliko hewa mara moja na nusu, haina rangi, inalala mabondeni, mbuzi anashuka shimoni harudi. Sasa sikia, Februari 22, 2020, karibu na kijiji cha Satartia, Mississippi, Marekani, mvua ililoweka udongo ukateleza, bomba la hewa ukaa la inchi 24 likakatika na wingu jeupe likashuka mpaka kijijini, magari yakazima barabarani maana injini nayo inataka oksijeni, watu 45 wakaishia hospitali na kama 200 wakahamishwa. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Kinachoniuma ni kwamba hesabu za kampuni yenye bomba hazikuonyesha kwamba gesi ingefika pale kijijini. Mpangaji akikaa na ramani anatafuta njia fupi, mi namwomba ashuke atembee, aone bonde linaelekea wapi na nani analala kule chini, hapo valvu za kufungia bomba ziwe karibukaribu na zimamoto wa kijiji wapewe mitungi ya kupumulia kabla bomba halijawashwa.

Swali: Wenye mashamba wanaweza kugoma?

Wanaweza. Jimbo la South Dakota, Marekani, Machi 2025, walipitisha sheria ya kuzuia ardhi ya mtu isichukuliwe kwa lazima kwa ajili ya mabomba haya, wakati kuna mradi wa kilometa kama 4,000 uliotaka kupita humo kuelekea North Dakota. Waiteni wenye shamba wakati ramani bado ni penseli, msisubiri siku ya kuleta katapila.