Kabla hujazama duarani, uliza mzimu umesikika wapi

Mdogo wangu unayekuja Chunya, hapa Tanzania, kutafuta dhahabu, hujashika hata kamba ya winchi utaambiwa duara hili, yaani shimo la kuchimbia, lina mwenyewe, mzimu. Usicheke, wala usikimbilie kwa mganga. Muulize anayekwambia: amesikia nini, upande gani, lini?

Habari hizi ziko kila watu wanakochimba. Kule Cornwall, Uingereza, wachimbaji wa bati waliamini chini kuna vijitu vifupi vinavyogonga ukutani. Wengine walisema vinaonyesha madini yalipo, wengine kwamba vinaonya mwamba unataka kuanguka, na waliviachia makombo ya chakula chao. Walipohamia migodi ya Marekani karne ya 19, walihama navyo. Ukikaa mgodini utausikia ugongaji huo mwenyewe: uzito wa mwamba ukielemea matimba, yale magogo yanayoshikilia dari na kuta, hulia ta, ta, halafu mchanga unachuruzika katikati yake kabla ya jiwe kubwa kushuka. Aliyesikia akatoka, alipona. Wachimbaji hao wa Cornwall walikataza pia kupiga mluzi mgodini, na mimi katazo hilo nalishika, maana anayepiga mluzi hasikii matimba.

Ujerumani, wachimbaji wa fedha waliwalaumu pepo walioitwa kobold kwa mawe yaliyofanana na ya fedha, lakini yakichomwa hutoa moshi wa kudhuru tu. Moshi ule ulikuwa na aseniki. Sumu ilikuwepo kweli, ila alilaumiwa asiyehusika. Sisi sumu ya kwetu ni zebaki, tunayokamatia dhahabu: usiichomee nyumbani wala kwenye chombo cha kupikia, na usisimame moshi unakoelekea.

Potosí, Bolivia, ndani ya mgodi kuna sanamu yenye pembe, El Tío. Wachimbaji humpa majani ya koka, sigara na pombe, wakimwomba madini na uhai. Sigombani na anayeomba. Lakini vumbi la mwamba linaendelea kuwaharibu mapafu, kwa hiyo wewe mwagia maji unapotoboa, hata wenzako wakikuona mwoga.

Na kafara. Mtu akikwambia dhahabu haitoki mpaka ipatikane nywele au kiungo cha mtu, huyo anakuita kwenye mauaji. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa nchini hapa kwa uongo huo. Ondoka hapo siku hiyohiyo, ukaripoti polisi.

Kila unapoingia, gonga dari kwa mtalimbo kabla ya kuanza kazi, ukianzia pale uliposimama salama. Mwamba mzima unalia kikali, ti! Uliolegea unatoa sauti nzito yenye uwazi, kama ngoma. Ukisikia hiyo, rudi nyuma, uwaite wenzako, mpande wote. Mwenye duara akifoka, mwambie umesikia nini na wapi, kisha fundi wa matimba aende akapagonge mwenyewe kabla mtu mwingine yeyote hajashuka tena.