Mama anachanganya vidonge vya sukari na dawa ya magome, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Moshi, Pasua. Mama yangu ana miaka 63, ana sukari huu mwaka wa tisa, kliniki wanampa metformin na glibenclamide. Mwezi uliopita akanunua dawa kwa yeyo mmoja (mama wa Kimaasai) pale Mbuyuni, ile ya magome iliyochemshwa, ipo kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, alafu jirani kamletea unga wa uwatu na mdalasini anakoroga kwenye uji, na asubuhi anatafuna kitunguu swaumu kibichi punje sita. Mwanzoni alifurahi maana sukari ilikua inasoma vizuri. Sasa wiki iliyopita usiku nikamkuta amekaa kitandani kanga imelowa jasho chapachapa, mikono inatetemeka, namuuliza hiki ananijibu kile. Nikampa chai ya sukari akarudi sawa. Amekataa katakata nisimwambie daktari. Na mwezi ujao anafanyiwa operesheni ya mawe kwenye nyongo. Niitupe hiyo chupa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hongera kwa ile chai, umemuokoa mama. Ile ilikua sukari kushuka, na usingeamka usiku ule ningekua nakuandikia pole.

Chupa usiitupe. Ukiitupa atanunua nyingine na hiyo ataificha chini ya kitanda, nalijua hili maana mama yangu mzazi alifanya hivyohivyo, na alianza kuficha siku daktari mmoja alipomfokea mbele ya wagonjwa wenzake eti "bado mnakunywa majani?" Kuanzia hapo kila akiulizwa anatumia nini kingine anajibu hamna. Miaka miwili alikua anajibu hamna. Kwahiyo mama usimgombeze, kaa nae mkimenya ndizi, muulize taratibu hiyo dawa anaipima kwa kikombe gani, mara ngapi, kabla ya kula au baada.

Sasa kilichotokea ni hivi. Metformin ikiwa peke yake ni nadra sana kuangusha sukari mpaka mtu achanganyikiwe. Glibenclamide ndio yenye kazi hiyo, inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala kitu. Uwatu unashusha sukari, mdalasini nao unaweza kushusha, ukiziweka juu ya glibenclamide zote zinavuta upande mmoja. Na kwenye chupa hatujui kuna nini. Inawezekana ni magome ya mti wa olkiloriti tupu, yale watu wa huku wanachemshia supu ya mbuzi, inawezekana ni miti mitano. Sisemi yeyo ana nia mbaya, na mimi sio mtu wa kudharau miti, nimekulia Kibosho na bibi yangu alikua anatibu nusu ya kijiji. Ila dawa isiyo na jina wala kipimo daktari hawezi kuipigia hesabu. Na kuna watu wanatia vidonge vya hospitali ndani ya hizi dawa: Singapore mwaka 2008 watu 150 ambao hata kisukari hawana walilazwa sukari imeanguka, wanne wakafa, na dawa za nguvu za kiume zilizokua zinauzwa kinyemela zikakutwa na hiyohiyo glibenclamide.

Kwahiyo mama asimamishe chupa, unga na hivyo vitunguu kuanzia leo, vidonge asiviache kwa uamuzi wake, na mwende kliniki wiki hii hii msisubiri tarehe. Bebeni chupa, bebeni unga, bebeni kadi, na uyaeleze yale ya usiku kama ulivyonieleza mimi. Huenda glibenclamide ikapunguzwa au ikabadilishwa. Omba na figo zipimwe, maana figo zikichoka hiyo dawa inakaa mwilini muda mrefu.

Akitetemeka tena, mpime, ikisoma chini ya 4 mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji (kama mashine haipo karibu mpe tu usingoje), baada ya dakika 15 pima tena, bado iko chini rudia, alafu ale chakula cha kushiba. Usimuache alale akajionea hapo kwamba amepona, glibenclamide inaweza kumuangusha tena masaa kadhaa baadae, mpeleke hospitali usiku huohuo. Akiwa hajitambui usimtie chochote mdomoni, tafuta gari.

Operesheni nayo. Kitunguu swaumu kwa wingi ule kinafanya damu ichelewe kuganda, kwahiyo hivi vitu visirudi kabla ya kupasuliwa, ushauri wa kawaida ni kuviacha angalau wiki mbili kabla. Mtaje kila kitu kwa daktari wa upasuaji na kwa yule wa usingizi pia, hata kama wa kwanza ameshaandika. Kitunguu swaumu cha kwenye mboga hakina shida.

Akipona na bado anataka dawa za asili, aulizie iliyosajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lipo kwa sheria ya mwaka 2002, na bado amuonyeshe daktari hiyo lebo.

SWALI: Dada, mwanangu ana miezi minane, akipata homa bibi yake anamnywesha mafuta ya mwarobaini kijiko kimoja. Ni sawa? Baba wa Sanawari, Arusha.

JIBU: Hapana kaka, mafuta yale yasimguse mdomoni tena. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yameshawahi kuwatia watoto wadogo kutapika, degedege, kupoteza fahamu na kuharibika ini, na wengine walikufa. Mtoto wa umri huo akipata homa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akapimwe malaria, ni tone la damu kidoleni na majibu yanatoka kama dakika 20. Kama ameshapewa na unaona analegea au anatapika, nenda sasa hivi na hiyo chupa mkononi.